Leseni ya Windows na kompyuta mpya: inahama, lakini si kila leseni

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, kompyuta nyingi zimewekwa kando na mpya kuchukua nafasi zake. Je, leseni iliyolipiwa zamani itahama pia? Mara nyingi inahama. Ila utaratibu wenyewe una kasoro moja inayokera.

Kabla ya kugusa chochote, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi kwenye mashine ya zamani na uandike slmgr /dli. Soma mstari wa maelezo. OEM_DM ni ufunguo (msimbo wa leseni) uliowekwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, tangu kiwandani. Huo hauhami, na mashine ikifa unakufa nayo. VOLUME ni leseni ya taasisi, hata kama kompyuta inalala kwako. RETAIL ndiyo inayoruhusiwa kuhama, kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja.

Lakini ukiona RETAIL usishangilie mapema. Tazama pia vibambo vitano vya mwisho vya ufunguo. Vikiwa 3V66T kwa toleo la Pro, au 8HVX7 kwa Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao Windows hujiwekea pale mashine inapokuwa na leseni ya kidijitali, yaani leseni iliyosajiliwa kwenye seva za Microsoft kwa mashine hiyo, bila ufunguo wa kuandika. Mamilioni ya kompyuta zinao huohuo. Ukiunakili na kwenda nao kwenye mashine mpya, hautaamilisha (kuwasha leseni ya) kitu.

Kwa mwenye ufunguo wake halisi wa vibambo 25, kazi ni fupi. Kwenye mashine ya zamani, slmgr /upk huuondoa, na slmgr /cpky huufuta kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili mtu mwingine asiuokote. Kwenye mpya, andika slmgr /ipk ukifuatiwa na ufunguo, kisha slmgr /ato, na umalizie na slmgr /xpr kuhakikisha uamilishaji ni wa kudumu. Mashine mpya ikija na Home ilhali ufunguo wako ni wa Pro, uingize kwenye ukurasa wa uamilishaji katika mipangilio. Toleo litapanda bila kusakinisha upya.

Kasoro yenyewe ndiyo hii: slmgr /upk haiiambii seva ya Microsoft kitu chochote. Inafuta ufunguo hapo ulipo, basi. Kwa hiyo unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukapokea 0xC004C008, yaani ufunguo unahesabiwa kuwa unatumika kwingine. Hapo hakuna ujanja wa amri; ni kuzungumza na mhudumu wa Microsoft, risiti ya ununuzi ikiwa mkononi. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, wameliweza hili: akaunti moja inaruhusu kompyuta mbili, na ukiingia kwenye ya tatu unaulizwa ipi itolewe, hata kama ile ya zamani imeshaharibika.

Anayebadilisha madabodi tu, bila ufunguo, ana njia yake, nayo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Diski na RAM kwa kawaida hazisumbui. Madabodi ndiyo inayoifanya Windows iione mashine kuwa ngeni na kutoa 0xC004F211. Sharti ni kuunganisha leseni na akaunti ya Microsoft kabla ya kufungua bisibisi. Ukurasa wa uamilishaji utasema wazi kwamba leseni ya kidijitali imeunganishwa na akaunti. Usipoona maneno hayo, bado. Ipe kompyuta jina linaloeleweka pia, maana baadaye utaletewa orodha, na majina ya DESKTOP yenye mikia ya herufi ovyo, ambayo Windows hujipa yenyewe, hayatofautishiki.

Baada ya kufunga madabodi mpya, rudi ukurasa uleule, anzisha kitatuzi cha hitilafu, eleza kwamba umebadilisha maunzi hivi karibuni, ingia kwenye akaunti na uchague jina lile. Kitatuzi hukwama toleo lisipofanana (leseni ya Pro, usakinishaji wa Home), au leseni ikiwa imeshaamilishwa upya mara nyingi kupita kikomo.

Na jambo ambalo si la leseni lakini huwaliza wengi siku hiyohiyo: BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski. Chipu ya usalama ya TPM, inayotunza funguo za usimbaji, mara nyingi hukaa kwenye madabodi, kwa hiyo ukiibadilisha, diski iliyosimbwa itadai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi kabla ya kuzima mashine, si baadaye.

Microsoft 365, huduma ya kulipia ya Word, Excel na wenzao, haina hekaheka hizi. Unasakinisha popote, unatumia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja, na cha zamani unakitoa kutoka ukurasa wa akaunti. Kampuni ni ileile, na kitufe cha kutoa kifaa cha zamani, ambacho Windows inakikosa, tayari wanacho.