Kalori za kwenye saa: Apple Watch, Fitbit, Garmin na mkanda wa Polar H10

Saa janja hukisia kalori, haizipimi. Inachokisoma ni mwanga wa kijani unaorudi kutoka kwenye ngozi pamoja na mtikisiko wa mkono. Mengine yote ni hesabu. Kipimo chenyewe hufanyika maabara, mtu akivalishwa barakoa inayopima oksijeni anayotumia, na kila lita moja ya oksijeni ni takriban kalori 5.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa saba, zikiwemo Apple Watch, Fitbit Surge na Samsung Gear S2, kwa watu 60. Sita kati ya hizo zilisoma mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, iliyoongoza ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Matoleo hayo yameshapitwa na wakati, lakini kasoro waliyoionyesha haiishi kwa kubadilisha sensa, yaani kifaa cha saa kinachosoma ngozi: mapigo yanasomwa vizuri, kisha hesabu inaharibikia pale yanapogeuzwa kuwa kalori.

Kila kampuni inaficha fomula yake. Ipo moja iliyochapishwa mwaka 2005 na mtafiti Keytel na wenzake, nayo inataka vitu vinne tu: mapigo, uzito, umri na jinsia. Mwanamume wa miaka 35 mwenye kilo 75, moyo ukipiga mara 150 kwa dakika, anapewa kalori 14.7 kwa dakika. Mapigo yakifika 170 anapewa 17.7. Kwa nusu saa hiyo ni tofauti ya kalori 90, hata kama mwendo wake haukubadilika kabisa.

Na mapigo hupanda bila kazi kuongezeka. Kimbia Dar es Salaam saa nne asubuhi: jasho linapunguza maji ya damu, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, na saa inakuhesabia kana kwamba umeongeza kasi. Kahawa na hofu nazo zinaweza kufanya hivyo. Anayetumia dawa za presha za kundi la beta-bloka anapata kinyume chake: mapigo yanazuiwa yasipande, kwa hiyo saa inampunja.

Kosa lingine ni la mkanda wa saa uliolegea. Saa ikichezacheza mkononi, sensa huacha mapigo na kufuata hatua. Ukiona imeng'ang'ania 165 au 175 tangu dakika ya pili, na hizo ndizo hatua zako kwa dakika, basi hayo si mapigo. Sogeza saa juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, kaza mpaka isiteleze, na legeza ukimaliza. Kwenye ngozi nyeusi hili lina uzito zaidi, maana melanini, rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga wa kijani. Utafiti uleule wa Stanford ulikuta kosa la mapigo likiwa kubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi.

Kwa mkimbiaji kuna kipimo cha bure cha kuikagua saa. Kwenye njia tambarare, kukimbia hula karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, juu ya zile ambazo mwili ungetumia umekaa. Kilo 70 kwa kilomita 10 ni 700. Kutembea ni kama nusu ya hapo. Saa ikikuandikia 950, angalia kwanza uzito uliouingiza siku ulipoinunua: kilo 10 zilizobadilika ni kalori 100 katika kilomita hizohizo 10. Mwendesha baiskeli mwenye kipima nguvu kwenye pedeli ana bahati zaidi, kwa sababu kilojuli zinazosomwa pale zinakaribiana sana na kalori zilizotumika mwilini. Wati 150 kwa saa nzima ni kilojuli 540, basi chukua kalori 540 na usiiulize saa.

Kwenye kunyanyua vyuma, usiiamini saa kabisa. Kubana pumzi na kukamata chuma kwa nguvu hupandisha mapigo kuliko oksijeni inavyopanda, na kifundo kilichokunjwa kinaivuruga sensa. Mashine ya kukimbilia nayo ina mtego wake: ukishika vyuma vya pembeni mkono hautikisiki, hatua zinapotea.

Kabla ya kulinganisha saa mbili, hakikisha namba ni za aina moja. Mduara wa Move wa Apple Watch, ule unaojaa kadiri unavyosogea, huhesabu kalori za shughuli tu, ingawa ripoti ya zoezi inaonyesha na jumla. Fitbit huchanganya na zile ambazo mwili hutumia kwa kuishi tu. Ndiyo maana unaamka ukikuta imeshakuandikia mamia. Garmin huzionyesha zote mbili. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa kilomita 5 kwa saa anatumia jumla ya kalori 250 hivi, lakini za kutembea kwenyewe ni kama 175. Anayezila zote 250 kama zawadi amejiongezea 75, yaani zaidi ya nusu kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia, ambacho kizima kina kama 120. Kila siku.

Apple Watch ina hatua moja inayorukwa na wengi: tembea au kimbia nje kwa dakika 20, mahali pa wazi na tambarare, ukiwa umewasha zoezi la nje, ili ijifunze urefu wa hatua yako.

Mkanda wa kifuani wa Polar H10 husoma umeme wa moyo, hivyo hatua haziupotoshi. Lowesha sehemu za mpira kabla ya kuvaa, usuuze kila baada ya zoezi, na betri yake ya CR2025 hudumu kama saa 400. Unaunganika na Apple Watch na Garmin bila waya. Kama tatizo lako ni mapigo yanayorukaruka, nunua. Kama unataka kalori zilizo sahihi, mkanda utaipa fomula ileile mapigo bora, na joto la saa nne litaendelea kuhesabiwa kama kazi.