Mashine ya breli ya mtumba: kilo tano za chuma na kengele moja

Nimekaa nayo miezi minne, kwa hivyo naweza kuisema bila kuionea wala kuipamba. Ni Perkins Brailler ya zamani, ile ya chuma, taipureta ya kuandikia breli, yaani nukta ambazo sisi wasioona tunazisoma kwa vidole. Dada yangu anasema ni ya kijivu. Mimi naijua kwa ubaridi wake asubuhi. Niliinunua kwa fundi wa taipureta karibu na River Road, shilingi 35,000, baada ya kuvutana naye siku mbili. Mpya ukiagiza inapita laki moja, kabla hujalipia kuisafirisha.

Ina uzito wa karibu kilo tano. Kwenye matatu ya Umoja makanga aliniuliza kama nimebeba betri ya lori, akataka niilipie kiti. Nikaipakata mpaka nyumbani, miguu ikafa ganzi.

Nilimnunulia mpwa wangu, ambaye haoni kama mimi. Yuko gredi ya tatu, katika yuniti ya wasioona kwenye shule moja ya msingi huku Eastlands. Shuleni anasubiri zamu ya mashine, na nyumbani alikuwa na simu inayoongea tu. Simu ni nzuri, mimi mwenyewe nafanya kazi ya kupokea simu ofisini na siwezi kuishi bila yangu. Lakini mtoto anayesikia tu hajui neno limeandikwaje. Mpwa wangu alikuwa anaamini "kwa sababu" ni neno moja, na hakuna sauti ya simu ambayo ingemwambia vingine.

Vitufe ni tisa. Vya nukta ni sita, kimoja kwa kila nukta ya herufi ya breli, vitatu kila upande wa kile cha nafasi. Cha mwisho kushoto kinashusha mstari, cha mwisho kulia kinarudisha nyuma. Herufi nzima unaibonyeza kwa mara moja. M ni nukta ya 1, 3 na 4: vidole vitatu vinashuka pamoja, krr, imekwisha. Ukipeleka kidole kwenye karatasi unaisoma hapo hapo. Mstari unaingia herufi 42, na ukikaribia mwisho kengele inalia.

Wasiowahi kutumia kibao cha matundu na kijiti cha ncha hawawezi kujua hii ni raha ya namna gani. Kwenye kibao unadunga karatasi kwa nyuma, ukienda kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza ndipo usome. Kila herufi unaiandika kinyume. Na balaa ya breli ni kwamba E ukiigeuza inakuwa I, D inakuwa F, H inakuwa J. Insha yangu ya kwanza ilihusu mzee aliyepoteza "pisa" "sokone". Darasa lilicheka wiki nzima.

Hiyo ilikuwa 1991, shule ya kawaida ya hapa Nairobi iliyokuwa na darasa letu pembeni, karibu na jikoni. Wasioona tulikuwa tisa na mashine mbili, moja ikiwa imekufa kitufe cha nafasi, hivyo maneno yote yalishikana kama chapati zilizokosa mafuta. Tume ya elimu ya Ominde ilikuwa imependekeza tangu 1964 kwamba watoto wenye ulemavu usio mkubwa wasome kwenye shule za kawaida. Pendekezo lilifika shuleni kwetu. Mashine ya tatu haikufika mpaka nikamaliza darasa la nane.

Mwalimu wetu alikuwa amesomea KISE, ile taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, ambayo leo iko Kasarani. Ndiye aliyetusimulia kwamba shule ya wasioona ya Thika, ya mwaka 1946, ilitokana na kazi ya Jeshi la Wokovu kwa askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Tuliipenda hadithi hiyo mno. Wakati wa mapumziko tulikuwa askari, fimbo nyeupe zikawa bunduki. Nimekuja kujua baadaye kwamba mashine hii nayo ina alama ya vita vilevile. Aliyeibuni, David Abraham, alikuwa mwalimu wa useremala katika shule ya Perkins huko Massachusetts. Mfano wake ulikuwa tayari 1939, vita vikauchelewesha, ikaanza kuuzwa 1951. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, ndiyo maana fundi wa taipureta anaweza kuifungua bila kuogopa.

Sasa kasoro. Kelele! Jirani wa chini alipanda kuuliza kama tunapigilia misumari saa tatu usiku. Taulo iliyokunjwa chini yake imesaidia. Kitufe cha nukta ya 4 kinanata; fundi alikisafisha bure mara ya kwanza, ya pili akataka 1,500, na bado hali ya hewa ikiwa na unyevu kinagoma. Karatasi lazima iwe nene. Ile ya kawaida ya kuchapia inachukua nukta vizuri siku hiyo, lakini ukishaisoma mara kadhaa vidole vinazilaza. Hesabu gharama hiyo pia.

Naipa nyota nne. Ukienda kununua ya mtumba, beba karatasi nene yako mwenyewe, andika safu ya E na safu ya I, kisha zipapase. Nukta dhaifu zitajionyesha hapo. Andika mpaka mwisho wa mstari usikie kengele, maana yangu ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa bubu. Na fikiria kiti. Ikiwa mezani, mtoto wa gredi ya tatu anaifikia kwa mabega. Wiki ya kwanza mpwa wangu alilalamika, "Mjomba, mikono inawaka." Tukamkalisha juu ya mito miwili ya kochi.