Spika za dari ofisini: mara ya kwanza nilinunua wati, mara ya pili nikapima chumba

Mara ya kwanza nilinunua spika kwa kuangalia wati. Boksi limeandikwa 150W, nikajisemea hapa ofisi nzima itanguruma. Nikachukua nne, za omu 8 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi), pamoja na amplifaya ya kawaida ya sebuleni, nikamwambia fundi azichimbie kwenye pembe nne za ukumbi. Ukumbi wenyewe una urefu wa mita 12 na upana wa mita 6, na dari la jipsamu liko mita 2.7 kutoka sakafuni.

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimeshajuta. Aliyekaa pembeni, spika ikiwa juu ya utosi wake, anaomba muziki upunguzwe. Aliyekaa katikati anauliza kama umewashwa. Juu ya hayo, amplifaya ikawa inajizima yenyewe kila mchana. Ukiigusa kifuniko unadhani umegusa pasi. Sababu niliikuta nyuma yake, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma: isiungwe chini ya omu 4. Fundi alikuwa ameziunga zote nne sambamba kwenye tundu moja, na spika nne za omu 8 zikiungwa hivyo zinakuwa omu 2. Masikini amplifaya ilikuwa inajiokoa.

Hapo ndipo nilipochukua futi kamba, kitu ambacho ningekifanya kabla sijafungua pochi. Spika ya dari inamwaga sauti kuelekea chini kama tochi inavyomwaga mwanga. Mtu aliyeketi, masikio yake yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa hiyo kati yake na dari letu kuna mita 1.5 tu. Spika inayotawanya sauti kwa digrii 90 itafunika, kwenye usawa wa masikio, duara la mita 3. Ukiiongezea wati duara halipanuki. Unachoongeza ni kero kwa aliye chini yake. Boksi nyingi huandika digrii nyingi zaidi ya hizo, lakini sauti nyembamba, ile inayobeba maneno, haisambai kwa upana kama besi. Mimi nilipigia hesabu digrii 90 na sikujutia.

Ukumbi wa mita 12 kwa 6 ukiugawa kwa mita 3 unapata safu mbili za spika nne nne. Nane basi, ya kwanza ikiwa mita moja na nusu kutoka ukutani. Niliona nyingi mno, mpaka nilipoelewa kwamba spika nane zinazonong'ona zinafanya kazi nzuri kuliko nne zinazopiga kelele.

Safari hii nikachukua za laini ya volti 100, zile zinazofungwa kwenye maduka makubwa na vituo vya usafiri (Marekani hutumia zaidi volti 70, wazo ni lile lile). Kila spika ina transfoma ndogo mgongoni. Amplifaya inapeleka sauti kwa volti kubwa na mkondo mdogo, kama umeme unavyosafirishwa kwenye nguzo, na transfoma inaishusha pale pale kwenye spika. Faida yake ni kwamba waya mmoja unatoka spika hadi spika, hata ukiwa mrefu, bila kuumiza kichwa na omu. Unachojumlisha ni wati: nane ukumbini kwa wati 6 ni 48, mbili za chumba cha mikutano kwa wati 3 ni 6, jumla 54. Fundi wa pili alinikataza kuibebesha amplifaya zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Nikachukua ya wati 120, nafasi ikabaki ya kutosha.

Siku ya kuwasha, kimya. Taa nyekundu kwenye amplifaya, ikawashwa tena, nyekundu tena. Fundi akapanda ngazi akaanza kufungua nyavu za spika moja moja. Kwenye spika ya sita akacheka peke yake huko juu. Chini ya wavu kuna swichi ya kuzungusha kwa bisibisi, imeandikwa 6, 3, 1.5, na mwisho kabisa 8Ω. Hiyo ya mwisho inairuka transfoma. Zote zilitoka kiwandani zikiwa hapo. Tisa alizigeuza, ya sita simu yake iliita akiwa juu ya ngazi, akashuka, aliporudi akarudishia wavu. Piga hesabu: volti 100 kwenye omu 8 ni sawa na kudai wati 1,250 kutoka kwa mashine ya wati 120. Robo mzunguko wa bisibisi, muziki ukaja. Ukifungiwa za aina hii, mwombe fundi akuonyeshe kila swichi kabla ya kurudishia nyavu, hata akikuona msumbufu.

Spika zenyewe ni za inchi 6.5. Zimekuja na kopo la chuma mgongoni, jambo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa wazi na sauti ilipanda ndani ya dari ikashukia chumba cha jirani. Vibanio vyake vinajifungua vyenyewe ukikaza skrubu, wavu unashikwa na sumaku. Kila moja ina kamba ya chuma ya kuifunga kwenye kitu imara juu ya dari. Isirukwe hiyo, jipsamu ikilowa haishiki kitu. Ubaya: besi ni ya adabu tu. Transfoma ndogo haipitishi besi nzito, na anayetaka kifua kitetemeke ataudhika. Kwa ofisi mimi naona ni baraka.

Muziki tumeupiga kwa mono, yaani spika zote zinatoa sauti ile ile. Stirio kwenye dari ni kumdhulumu mtu, kwa sababu aliye chini ya spika ya kushoto atasikia nusu ya wimbo mpaka saa ya kutoka.

Kulikuwa na mvumo mmoja mbaya, mmmm usiokoma, tuliusaka siku mbili. Fundi alishuku nyaya za umeme darini. Kumbe muziki ulitoka kwenye kompyuta ndogo. Ukichomoa chaja yake, mvumo unakoma, ukichomeka, unarudi. Kifaa kidogo cha kutenganisha, kwenye waya kati ya kompyuta na amplifaya, kiliumaliza.

Chumba cha mikutano kina kitufe chake cha kuzungusha ukutani, wanapunguza au wanazima bila kutugusa sisi. Hicho kidogo kimeleta amani kuliko spika zote kumi.

Baada ya miezi mitatu nilipanda ngazi mwenyewe, siku ya mapumziko, nikazishusha za ukumbini kutoka wati 6 hadi 3. Nusu ya nguvu imekwenda, lakini kwa sikio ni desibeli 3 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ndogo. Hakuna aliyegundua mpaka leo.

Zile nne za kwanza hazikuwa mbovu. Mbili niko nazo nyumbani, kushoto moja na kulia moja, kwenye amplifaya ile ile iliyokuwa ikijizima, na haijazima hata mara moja. Kilichobaki ofisini ni matundu yake. Fundi wa jipsamu aliyaziba vizuri, ila rangi haikulingana, na ukiinua macho unayaona pembe zote nne, maduara meupe kuliko dari.