Moskato ipi ununue ukiwa Kigoma, kuanzia ya sendofu mpaka ya zawadi

Wakuu, msimu wa sendofu ndo huu na kamati za mjini kuanzia Mwanga mpaka Gungu zinaulizana kitu kilekile, ile waini nyeupe ya kunukia, tamu tamu, tuchukue ipi? Hapa naongelea moskato na ndugu zake, yaani waini zote za zabibu ya Muscat, na nazipanga kwa jinsi zinavyotufaa sisi wa mwisho wa reli, maksi za wazungu nimeziacha hukohuko kwao. Kwenye hii waini unachonunua ni harufu, na harufu ndo inakufa ya kwanza chupa ikipigwa joto. Sasa piga hesabu, chupa imetoka Cape kule Sauzi au Italia, imeshushwa Dar, imepakiwa lori au behewa zaidi ya kilomita 1,200, alafu mwenye duka kaiweka dirishani inaangaliana na jua la saa nane. Chupa ya bei mbaya iliyoungua inapigwa na ya bei chee iliyofika salama, hapo hakuna ubishi.

Muscat ni ukoo mkubwa wa zabibu. Wa kuwajua ni wawili tu, Muscat Blanc à Petits Grains ya punje ndogo ambayo ndo inanukia vizuri zaidi, na Muscat of Alexandria ya punje kubwa ambayo Wasauzi wanaiita Hanepoot, hiyo watu wanaila hivihivi na wanaikausha pia. Zote zimejaa linalooli na geranioli, kemikali zilezile zinazoleta harufu kwenye waridi na maua mengine, ndo maana ukifungua tu pua inapata ua, chungwa, na zabibu yenyewe. Waini nyingi hazinukii zabibu kabisa, hii inanukia.

Namba moja kwangu ni moskato ya Sauzi yenye kizibo cha kusokota. Najua kuna wajuaji watanuna. Ila inapatikana, bei inavumilika ukinunua katoni, kilevi chake mara nyingi kiko chini, na kile kizibo hakikauki wala hakipitishi hewa kirahisi kama kile cha gome la mti. Halafu chakula chetu kinaipenda, chukua migebuka ya mawese yenye pilipili ya kutosha, piga funda la moskato ya baridi, utaona ule ukali unatulia na mafuta yanasafishika mdomoni, wakati waini kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, yenye kilevi kikubwa inakuongezea moto tu. Kwenye dagaa za kukaanga punguza ndimu, ikizidi waini inabaki sukari tupu. Ya pinki ukiikuta usiogope wala usilipie zaidi, kwa kawaida ni nyeupe iliyotiwa waini nyekundu kidogo.

Ya pili ni Muscadel nyeupe ya Sauzi, ile ya maeneo kama Robertson. Hii wameiongezea spiriti kwahiyo kilevi kinafika asilimia 16, 17 hivi, nzito, tamu kama asali, na sababu ya kuiweka juu hivi ni uvumilivu, inahimili safari kuliko hizi nyepesi na ukishaifungua inakaa kwenye friji wiki kadhaa bila kuharibika. Glasi ndogo baada ya kula, basi. Msiweke meza kuu watu wakainywa kama soda maana sherehe itaishia saa mbili.

Ya tatu, Moscato d'Asti kutoka Piedmont kule Italia. Kwa ubora mtupu hii ndo ingekuwa ya kwanza, sibishi. Wanatumia ile punje ndogo, wanausimamisha uchachukaji kwa baridi kabla sukari haijaisha, wanachuja, unabaki na kilevi cha asilimia 5 hivi na vipovu laini vinavyochezea ulimi. Tatizo ni laini mno, inatakiwa inywewe changa, ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu mavuno, na ikikaa joto inabaki kama juisi iliyolala. Ukiwa na mtu anakuja na ndege kutoka Dar mwagize, ila asome mwaka kwenye lebo kwanza. Asti ya mapovu mengi, ile ya kufyatua kizibo, ni ndugu yake, kilevi kimezidi kidogo, nzuri kwa kugonga glasi na picha.

Muscat kavu ya Alsace, Ufaransa, ruka tu, inanukia sukari alafu mdomoni hakuna sukari, wageni watakuuliza imeharibika? Vin de Constance ya shamba la Klein Constantia kule Sauzi ni mambo ya mabosi, kichupa cha nusu lita, hela nyingi, ni mrithi wa ile waini ya Constantia aliyokuwa akiletewa Napoleon kifungoni kisiwa cha St Helena. Zawadi sawa, kamati hapana.

Na za Dodoma? Nazipenda na mimi ni wa kwanza kuziunga mkono, ila zabibu zinazojulikana kule ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, kwahiyo lebo ikisema nyeupe tamu usitegemee harufu ya Muscat.

Dukani usichukue chupa ya mbele. Mwambie akutolee ya chini au ya stoo, pitisha kidole shingoni, kukiwa na kinata ujue ilivuja kwa joto, kizibo cha gome kikiwa kimenyanyuka achana nayo, lebo ikiwa imepauka upande mmoja hiyo imeota jua. Stempu ya TRA iwepo. Rangi iwe ya majani makavu au njano hafifu, ikielekea kahawia rudisha (Muscadel ya zamani ruksa).

Chupa ya 750 inatoa glasi sita za kistaarabu. Beseni la barafu jazia na maji, inapoa haraka kuliko barafu peke yake. Na kwa sendofu za Ujiji ambako meza nyingi hawanywi, zile juisi za zabibu zenye mapovu wekeni meza yake kabisa na mtu wa kuisimamia, chupa zinafanana mno na za moskato, na moskato yenyewe harufu yake ni juisi tupu, mtoto anamaliza glasi kabla hamjashtuka.