Tanuri dogo la umeme la kukomazia aluminiamu 6061: zuri, ila kioo chake cha kuonyesha joto kinadanganya

Nyota nne kati ya tano. Ninalitumia kwa kazi moja tu: kuirudishia nguvu aloi ya 6061-T6 (T6 ni hali ya aloi iliyozamishwa majini ikiwa moto kisha ikakomazwa, yaani ikaongezwa ugumu kwa joto la wastani) baada ya kuchomelewa. Moto wa kuchomelea huzikuza mno chembe ndogo za magnesi na silikoni zinazoipa aloi hii ugumu, hivyo kipande hulainika kando ya mshono. Kunenepesha mshono ni kupoteza uzi wa kuchomelea, kitakatikia pembeni.

Kwa unene wa milimita 6 ninakiweka kwenye nyuzi 530 za Selsiasi kwa saa moja, ninakizamisha majini papo hapo, kisha ninakikomaza kwa nyuzi 175 saa 8. Kwenye 530 magnesi na silikoni huyeyukia ndani ya aluminiamu, yenyewe ikiwa bado haijayeyuka. Maji huzifungia humo kabla hazijajikusanya, na zile saa 8 huzitoa taratibu zikiwa chembe ndogo sana zilizotapakaa kote.

Sasa kasoro. Kioo kikisema 530, waya wa kupimia joto wa aina ya K niliougusisha kwenye kipande, upande wa koili ya kupashia joto, ulisoma 548. Aloi hii huanza kuyeyuka kwenye 582, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Ninaweka 515 kwanza, ninasubiri joto litulie, ndipo ninapandisha nyuzi tano tano. Huku chini kwenye 175 halitulii kabisa, linayumba. Kukomaza ninafanyia kwenye oveni ya jikoni yenye feni, na inafanya kazi vizuri kuliko tanuri lenyewe!

Ndoo ya maji iwe hatua moja kutoka mlangoni. Ukichelewa sekunde chache, kipande chembamba kimeshapoa hewani na kazi imeharibika. Bamba lizame kwa ukingo, si kwa ubapa, la sivyo litapinda. Likipinda, linyooshe ndani ya saa moja, bado ni laini. Usililaze hadi kesho: 6061 huanza kukomaa yenyewe hata bila moto, na hilo hupunguza nguvu ya mwisho.

Uzi wa kuchomelea wa namba 5356 haufai kwa kazi hii. 4043 unafaa kwa vipande vyembamba. Kwa vinene tafuta 4643, una magnesi yake. Na wanaotaka kukomaza aloi nyingine ya aluminiamu, 5052, wasiwashe umeme bure, haikomai kwa njia hii.

Kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, T6 nzuri ni karibu 95. Ukipata 65, umezamisha tu, hujakomaza.