Koti la rubani wa jeshi la maji: nimenunua mara mbili, mara ya kwanza nikapigwa

Koti la kwanza nililinunua mtandaoni kwa dola 480. Muuzaji alikuwa ameandika "G-1, Vita vya Pili vya Dunia, halisi kabisa". Boksi lilipofika nikavaa, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye jina lenyewe. Jeshi la maji la Marekani lilianza kuyaita makoti haya G-1 mwaka 1947, vita imekwisha miaka miwili nyuma. Wakati wa vita marubani wake, pamoja na wale wa kikosi cha Marines, walivaa aina iliyoitwa M-422A. Lebo ya langu, pale shingoni, ilisomeka MIL-J-7823, na namba hiyo ni ya miaka ya 1950 kuja mbele. Picha kumi na mbili alizoweka muuzaji, hata moja haikuonyesha lebo, nami sikuuliza. Mimi niliyekulia soko la Karume nikipekua mitumba kabla jua halijachomoza! Hela hakurudisha.

La pili nililipata hapa Minnesota, kwa mzee aliyekuwa anauza vitu vya nyumbani kwake kabla ya kuhama. Dola 850, baada ya kuombana sana. Lebo imefifia lakini inasomeka: M-422A, Gordon & Ferguson. Hiyo ilikuwa kampuni ya St. Paul, mji ninaoishi, kwa hiyo koti limeshonwa karibu na ninapopandia basi kila asubuhi. Hapo bei niliiona halali.

Ngozi ni ya mbuzi. Ukiikaribia macho unaona vinyweleo vyake, vidogo na vyenye mpangilio, na bado ni laini kuliko koti la ng'ombe nililonunua dukani miaka mitatu iliyopita. Kola ni ya manyoya ya kondoo, na chini yake kuna herufi USN, kifupi cha jeshi la maji la Marekani, zilizopigwa rangi. Ninachokipenda kuliko vyote ni mgongo: nyuma ya mabega kuna mapindo mawili yanayofunguka ukinyoosha mikono mbele. Rubani kwenye chumba chembamba alihitaji kufikia vyombo vyake bila koti kumbana. Mimi nashika usukani wa gari, mabega hayalalamiki. Zipu ni ya kampuni ya Talon, ileile ya tangu koti lishonwe, nzito, na inapanda bila kukwama.

Sasa kasoro. Lebo inasema 42, lakini linanikaa kama 38. Zamani yalikatwa ya kubana na mafupi, yaishie kiunoni, na ngozi nayo husinyaa kwa miaka. Usiamini namba, omba upana wa kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kwa inchi, koti likiwa limelazwa mezani. Kwapani pia ndipo jasho la mtu wa kwanza lilipokausha ngozi, ikawa ngumu kama kadibodi. Bitana imechanika mfukoni. Sufu ya kiunoni na mikononi nondo walikwishaila.

Hiyo sufu ndiyo ilinitia majaribuni. Nikampelekea fundi, akaniwekea mpya kwa dola 140, kazi safi kabisa. Halafu jamaa mmoja anayekusanya haya makoti akaniambia nimelipunguzia thamani kwa mkono wangu. Pengine ni kweli. Lakini koti lisilofunga kiunoni linapitisha upepo, na mimi nilinunua la kuvaa. Kama wewe unataka la kabati, acha matundu ya nondo yalivyo, na usiruhusu mtu aguse zipu.

Nembo za kikosi pia ziangalie mara mbili, kwa sababu nembo kuukuu hushonwa juu ya koti tupu ili bei ipande. Iliyokaa miaka themanini huacha ngozi ya chini yake na rangi iliyokolea kuliko pembeni. Langu halina nembo, nami nashukuru.

Navaa Oktoba na Aprili tu. Januari ya hapa hulichukulia kama shati. Mama aliliona kwa video akauliza limegharimu kiasi gani. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, na la marehemu nani hilo?"