PC Health Check: dakika tano kabla ya kulipa

Nina duka la steshenari Mbagala, na kazi zote za kuchapa zinapita kwenye laptop moja. Microsoft walipositisha huduma ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nikaenda Kariakoo kutafuta laptop ya mtumba inayokubali Windows 11.

Muuzaji akanitolea ThinkPad T470, safi, herufi za kibodi hazijafutika hata moja. "Dada, hii jioni nakuwekea 11, haina shida." Nikaomba dakika tano. Nikawasha intaneti ya simu, nikapakua PC Health Check, programu ya bure ya Microsoft wenyewe inayopima kama kompyuta inakubali Windows 11, nikabofya kile kitufe cha buluu.

Haikidhi vigezo.

Ninachoipendea ni kwamba haikuachi hewani. Nilipofungua majibu yote, RAM sawa, diski sawa, TPM 2.0 (chipu ya usalama) sawa. Prosesa, i5-7300U, imekataliwa. Ni ya kizazi cha saba, na kwa Intel orodha ya prosesa zinazokubaliwa inaanzia cha nane, ukiacha chache sana. Ndiyo, mafundi wanajua kuilazimisha iingie, ila mimi mashine ya biashara siifanyii hivyo.

Akaleta T480 yenye i5-8250U. Imepita kote. Niliongeza shilingi 90,000 na sijutii.

Faili la PC Health Check sasa liko kwenye flashi yangu ya funguo. Shoga yangu ananunua ya mwanawe Jumamosi, tunaenda wote.